Kipenga na Muhali

Kwa miaka mingi nilijiona mpigaji. Nikiruka upande wa kushoto wa wavu, mpira unatua kwenye mchanga wa wenzetu kwa kishindo, watoto wanashangilia, na mie narudi nyuma nikijipangusa mikono kama mtu aliyemaliza kazi. Kisha siku moja tukaupima wavu.

Futi aliileta seremala mmoja, wala hakuileta kwa ajili yetu. Alikuja kuangalia mpira na futi ilikuwa mfukoni mwake. Akaitandaza katikati ya wavu, pale ambapo sheria inataka mita 2.43 kwa wanaume, akasoma: mbili na ishirini na tisa. Akarudia. Ishirini na tisa ileile. Tukaukaza wavu, tukaupandisha, na jioni ile nikapiga mipira sita. Minne ikaishia wavuni. Hakuna aliyenicheka, maana ya wenzangu nayo ilikuwa ikiishia hukohuko.

Wavu wenyewe, niseme kweli, ulikuwa kipande cha jarife kuukuu tulichopewa na wavuvi, ukafungwa kwa kamba ya manila kwenye nguzo mbili za mvinje. Ukiushika unanusa chumvi. Mistari yetu haikuwa chokaa wala rangi, ilikuwa kamba ya makumbi iliyobanwa ardhini kwa vijiti. Nakitetea kiwanja kile mpaka leo kwa jambo moja: mpira ukigusa mstari, kamba inaruka. Hapo hakuna wa kubisha. Nimeona viwanja vya sakafu ya kung'ara kwenye televisheni na kamera zake, lakini mstari unaotoa ushahidi wenyewe sijauona pengine.

Tulikuwa upande wa Wete, ndani kidogo, kwenye mikarafuu. Anayeijua Pemba anajua maana yake: msimu wa karafuu ukifika, kiwanja si chenu tena. Majamvi yanatandikwa kutoka mstari hadi mstari, karafuu zinaanikwa, na atakayerusha mpira karibu na jamvi la mtu ajue anatafuta kesi kwa sheha. Tulikaa pembeni tukinusa na kungoja. Majamvi yakishaondolewa, mchezo unarudi, na kwa wiki mbili tatu kila anayejitupa chini kuokoa mpira huinuka na makonyo ya karafuu yamemganda magotini.

Tulicheza baada ya alasiri, na kilichomaliza mchezo kilikuwa adhana ya magharibi, hata kama seti imefika 23 kwa 23. Refa hatukuwa naye. Yaani tulikuwa nao wote. Mpira ukianguka zinapanda sauti kumi: "Ndani!" "Nje!" "Kabeba!" "Mbili hiyo!" "Kagusa wavu!" Mshindi wa mabishano ni mmoja kati ya watatu: mwenye sauti kubwa, mwenye umri mkubwa, au mwenye mpira. Mie umri sikuwa nao na mpira haukuwa wangu, basi nikaikuza sauti. Nilibishana kwa mapenzi, kama wengine wanavyocheza bao. Kuna jioni nilikuwa nikibishia pointi ambayo tumepewa sisi.

Ndivyo nilivyopelekwa kozi. Sikuchaguliwa kwa kipaji. Ilipokuja habari kwamba kuna mafunzo ya uamuzi Chake Chake na kila timu itoe mtu, wenzangu walinitazama mie wote kwa pamoja. Mmoja akasema, "Yakhe, weye unayejua kila kitu, nenda ukasome." Nikapanda gari ya 606 asubuhi, na daftari la kurasa 48, nikiamini nakwenda kuthibitishwa.

Wakufunzi walivuka kutoka Unguja. Tulikuwa watu thelathini hivi, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Swali la kwanza la mkufunzi lilikuwa rahisi: mchezaji akiupiga mpira kwa mguu, ni kosa au si kosa? Darasa zima likajibu kwa sauti moja kama tunasoma juzuu: "Kosa!" Akatuacha tufurahi kidogo. Kisha akatwambia kwamba tangu mwaka 1995 sheria za dunia zinaruhusu mpira uguse sehemu yoyote ya mwili, kuanzia kichwa mpaka unyayo. Nilihesabu kimyakimya pointi nilizowanyima watu kwa kosa la mguu. Zilikuwa nyingi, na nyengine nilizipata kwa kupiga kelele sana.

Siku tatu zile zilikuwa za kuvuliwa nguo moja baada ya nyengine. Tulikuwa na wazee waliokulia hesabu ya zamani, ambapo ukishinda mpira ulioanzishwa na wenzako hupati pointi, unapata zamu ya kuanzisha tu, na seti inakwisha kwenye 15. Hesabu ya sasa, kila mpira na pointi yake na seti ya 25, imepitishwa mwaka 1998. Mzee mmoja alisikiliza yote hayo kisha akauliza kama habari hii imeletwa rasmi. Tukacheka, lakini alikuwa na haki ya kuuliza. Sheria ya mchezo husafiri kama bidhaa nyengine: hupanda boti, hungoja bandarini, na wakati mwengine haifiki.

Nilipenda pia kusikia mchezo umetoka wapi. William Morgan, Mmarekani aliyekuwa mwalimu wa mazoezi pale Holyoke, aliutunga mwaka 1895 kwa ajili ya watu wazima walioona mpira wa kikapu una fujo mno kwa miili yao. Aliuita Mintonette, jina ambalo lilistahili kufa na likafa. Wavu wake ulikuwa chini ya mita mbili. Nikajifariji: kwa Morgan, ule wetu wa 2.29 ungekuwa mrefu kupita kiasi.

Lakini sehemu iliyonishika ni ishara. Mwamuzi wa mpira wa wavu hasemi. Anapuliza kipenga, ananyoosha mkono upande wa timu itakayoanzisha mpira, kisha anaonyesha aina ya kosa, basi. Vidole viwili vilivyoachana, umegusa mara mbili. Vidole vinne, timu imegusa mara nne. Kiganja kinachopanda taratibu kikiangalia juu, umeubeba. Kiganja kinachopangusa ncha za vidole vya mkono wa pili, mpira umeguswa kabla ya kutoka. Vidole vinane, umepita sekunde nane hujaanzisha. Madole gumba mawili juu, wote mmekosa, turudie.

Mkufunzi alirudia mara nyingi kwamba timu haionyeshwi kwa kidole. Mkono ufunguliwe. Sijui waliotunga ishara zile walifikiria nini, ila kwa Mpemba jambo hilo halihitaji maelezo. Kumnyooshea mkubwa wako kidole ni kumtukana. Na kumwambia mtu mzima mbele ya kadamnasi "umekosa" ni jambo ambalo watu wanaweza kuishi na kuzeeka hapa bila kulifanya hata mara moja. Hapo nikaanza kuona kwamba ishara hizi zimekuja kunitatulia shida ambayo nilikuwa sijaijua.

Shida hiyo ina jina, nalo ni muhali. Wa bara huniuliza muhali ni nini na huwa nashindwa kuwapa neno moja. Si woga. Si heshima tu. Ni ule uzito unaokukaa kifuani pale haki inapotaka useme hapana, na anayepaswa kuambiwa hapana ni mtu aliyekula kwenu, au aliyekusomesha chuoni, au aliyeoa kwenu. Kwetu kila mtu ni mmoja wa hao. Wachezaji kumi na wawili wakiingia uwanjani, mwamuzi ana undugu na saba, ana deni la dukani kwa mmoja, na waliobaki walikuja kuzika alipofiwa. Kitabu cha sheria kinazungumzia sakafu, taa, na upepo wa mpira. Muhali hakiujui.

Mchezo wangu wa kwanza nikiwa mwamuzi ulinitesa kwa namna mbili. Ya kwanza ni macho. Jicho la mchezaji hufuata mpira, na nilikuwa nimelilea jicho hilo tangu skuli. Mwamuzi wa kwanza hana ruhusa hiyo. Mpigaji akishapiga, mpira unawaachia washika bendera, weye unabaki na wavu: nani kaugusa, mkono wa nani umevuka kabla ya wakati. Mwenzako wa chini, mwamuzi wa pili, anaangalia upande wa wanaozuia na mstari wa katikati. Ni kama kukaa harusini na kuambiwa usimtazame bibi harusi. Mara tatu nilijikuta nimeufuata mpira mpaka mchangani kama mtoto, na niliporudisha macho wavuni umati mzima ulikuwa unaniuliza: je?

Ya pili ni kipenga chenyewe. Kilikuwa cha aina ya gololi ndani, cha bei ndogo. Kati ya mate yangu na hewa ya chumvi, gololi ikagoma. Nikapuliza, ikatoka pumzi tupu. Wachezaji wakaendelea na mpira uliokwisha kufa, wakaupiga tena mara nne au tano, na upande uliokosa ukashinda. Baadaye nilikuja kusoma kwamba hata mwamuzi wa kikapu wa Kanada, Ron Foxcroft, kipenga kiliwahi kumgomea hivyohivyo kwenye mechi kubwa, akaudhika mpaka akatengeneza kisicho na gololi, Fox 40, kilichoingia sokoni mwaka 1987. Mie sikuwa na ufundi huo. Nilipiga kelele "Basi!" kwa ile sauti yangu ya zamani ya mabishano. Ndiyo siku pekee sauti hiyo iliponifaa uamuzini.

Sasa nije kwa ami yangu.

Ami ni mdogo wake baba. Ndiye aliyenifundisha kuogelea, na mwaka mmoja baba alipoumwa ndiye aliyeninunulia sare za skuli. Uwanjani alikuwa seta, mtu wa vidole laini, na timu nzima ilikuwa ikizunguka mikononi mwake. Jioni moja tunacheza na shehia jirani. Mshindi apate halua ya Wete, kilo mbili, nayo imekwisha kuwekwa kwenye kiti chake pembeni na imefunikwa gazeti. Mie nimepanda juu ya meza ya skuli, kwa sababu macho ya mwamuzi wa kwanza yanatakiwa yawe sentimita 50 juu ya wavu. Kusimama mezani, vichwa vya wazee viko chini ya miguu yako: huo ulikuwa muhali wa mwanzo, kabla hata ya kipenga.

Seti ya nne, 21 kwa 20, mpira wa pili ukamfikia ami ukiwa unazunguka vibaya. Akaupandisha. Nikaona vidole vyake vikiugusa, kimoja kwanza, kisha vyengine. Haikuwa ya kutafuta kwa darubini. Nikapuliza, nikanyoosha mkono upande wa pili, nikainua vidole viwili.

Ami akaja mpaka chini ya meza. "Weye, mie huyo?" Kwa sheria, anayezungumza na mwamuzi ni nahodha wa uwanjani tu, na ami hakuwa nahodha. Nikamwita nahodha, nikamwambia amtulize. Ami hakutulia. Nikatoa kadi ya njano. Alipoiona akauchukua mpira akaupiga teke ukapotelea mikarafuuni. Mkono wangu ulikwenda mfukoni polepole, na nakumbuka niliomba kadi nyekundu isiwemo. Ilikuwemo.

Kwenye mpira wa wavu kadi nyekundu peke yake ni adhabu ya pointi: wenzenu wanapata pointi na mpira, mchezo unaendelea, na mchezaji anabaki. Kumtoa mtu kwa seti nzima, zinatoka nyekundu na njano pamoja kwenye mkono mmoja. Nilijua hivyo. Pengine na wachezaji wawili watatu walijua. Umati wote ulikuwa umelelewa na mpira wa miguu, na ilipopanda ile nyekundu ilipigwa kelele ambayo sijaisikia tena isipokuwa kwenye uwanja wa Gombani. Ami naye alikuwa mtu wa mpira wa miguu. Alinitazama, akageuka, akavaa makubadhi yake, akachukua shati lake kwenye tawi la mshelisheli, akapanda baiskeli na akaondoka.

Nikabaki mezani na kadi yangu. Nikamwambia nahodha, "Hajatoka, ni pointi tu." Nahodha akamwambia mtoto, mtoto akakimbia. Tukangoja. Sheria ina adhabu kwa timu inayochelewesha mchezo, nami niliisoma na kuifanyia mtihani. Sikuitoa. Niliangalia mawingu. Nahodha wa upande wa pili, ambaye alikuwa na kila haki ya kunikumbusha, naye aliangalia mawingu, kwa sababu alikuwa amemuoa binti wa ami. Hapo muhali ulitushinda sote wawili, siku moja, uwanja mmoja.

Ami akarudi, akaingia mahali pake bila neno, tukacheza. Seti ya tano ilikuwa 11 kwa 9 adhana ilipolia. Halua ikagawiwa nusu kwa nusu na haikutosha.

Usiku nilikwenda kwake. "Shikamoo ami." Marahaba ilichelewa. Mke wake akaleta chai, tukanywa tukizungumzia mvua. Nilipoinuka kuondoka ndipo alipouliza: "Ile ilikuwa mbili?" Nikasema ilikuwa mbili. Akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Kadi sina neno nayo. Lakini ulicheka."

Nilitaka kukataa, ila nilikumbuka. Nilikuwa nimetabasamu, kwa hofu tu, kama anavyotabasamu mtu anayeteleza njiani na kuona watu wanamtazama. Kutoka chini ya meza ilionekana kejeli. Tangu siku ile najifunza uso kuliko ninavyojifunza kitabu. Huwa najitazama kwenye kioo nikipuliza kipenga bila kupuliza, na wanangu wananiona mwendawazimu. Nimegundua kwamba watu wetu wanaweza kubeba hukumu nzito ajabu, ilimradi uso wa anayehukumu usiwe na furaha ndani yake wala hasira.

Mwaka 2024, michezo ya Olimpiki ilipokuwa Paris, tulikaa barazani mbele ya televisheni kuwatazama dada zetu wa Kenya, Malkia Strikers, wakipambana na Brazil, Poland na Japani. Wenzangu waliangalia mpira. Mie nilimwangalia mwamuzi. Timu inapopinga uamuzi wake picha zinarudishwa kwenye kioo kikubwa, dunia nzima inaona kwamba alikosea, naye anabadilisha uamuzi na kunyoosha mkono upande wa pili, uso haujatikisika. Nilimpigia makofi peke yangu. Wakanitaka nieleze napiga makofi kwa lipi, na Kenya inafungwa.

Bado nacheza, ingawa siruki kama zamani na 2.43 haijashuka kwa ajili yangu. Kilichoharibika, kama ni kuharibika, ni ubishi. Nikizuia na mpira ukanigusa ncha ya kidole kabla ya kutoka nje, mkono wangu unapanda wenyewe: nimegusa. Timu yangu inachukia. Wananiambia kwamba mwamuzi hakuona, na ni kweli hakuona. Mara moja waliniweka benchi seti nzima kwa ukweli wa namna hiyo, na sikuweza kulalamika. Kisiwa hiki kina mchezo mwengine wa kale, mchezo wa ng'ombe, na huo hauna refa kabisa. Ng'ombe mwenyewe ndiye refa na hana muhali na mtu. Mie sikuumbwa ng'ombe. Kila mchezo napanda mezani nikiwa na uzito uleule kifuani, ila siku hizi unapanda nami na kushuka nami, hauniamulii.

Nguzo zetu za mvinje zimepigwa misumari miwili. Wa juu ni wa 2.43. Wa chini ni wa 2.24, wavu wa wanawake, na unatumika Jumatano, siku ya mabinti. Wanacheza na hijabu zao na suruali ndefu, wanaruka vizuri, na wanabishana kuliko nilivyobishana mie. Huwa wananiita niwachezeshee. Nakwenda, lakini wapo wazazi ambao hawapendi kuona mwanamume kasimama juu ya meza kuwatazama mabinti wao, na kuna mabinti ambao hawaji siku nikiwepo. Siwalaumu. Dawa yake si mie nijifiche nyuma ya nguzo, ni mwanamke apande mezani.

Kipenga cha pili ninacho, kipya, kisicho na gololi, bado kimo kwenye karatasi yake. Kadi mbili zipo. Kitabu cha sheria nimekitafsiri kwa mkono kwenye madaftari mawili, na ishara zote nimezichora, vibaya lakini zinaeleweka. Binti yeyote wa Wete au wa karibu anayetaka kujifunza aje Jumatano baada ya alasiri. Akiwa mbishi, ndiyo bora zaidi.